Vidole Vitatu vya Mwalimu wa Bendi

Mpaka leo, nikiwa sokoni Machakos nachagua nyanya, mtu akiita "Tromboni!" nyuma yangu, mimi hugeuka. Mume wangu amezoea. Tulipooana alidhani niliitwa hivyo kwa sababu ya mdomo wangu, na sitasema alikosea sana. Lakini jina lenyewe nilipewa na mwalimu wetu wa bendi, mtu ambaye hakuwahi kujua jina langu la kubatizwa wala la nyumbani, na nina hakika hakuwahi kujisumbua kuliuliza. Kwake mtu alikuwa kile anachopiga, basi. Kulikuwa na Tuba, Klarineti, Tarumbeta ya Kwanza na Tarumbeta ya Pili, ambao hawakupendana, na kulikuwa na Ngoma Kubwa, kijana mnene mwenye roho safi aliyepiga bila kufikiri. Kulikuwa pia na Matoazi. Huyu alikuja kuwa mtu mkubwa wa benki, na siku aliyopeleka mahari kwa wakwe zake kule Kathiani, nani alikuwa amekaa kwenye kiti cha wazee? Mwalimu, kumbe ni jamaa ya ule mji.

"Aiya! Matoazi!" akasema mbele ya wazee wote. "Bado unachelewa?"

Wakwe wakalishika lile jina kama walikuwa wakilisubiri. Hawajaliachilia.

Msiniulize alizaliwa wapi wala muziki alijifunzia wapi. Wengine walisema jeshini, wengine polisi, na wengine walisema gerezani lakini hawakueleza kama alikuwa askari au mfungwa. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu, "Nilijifunza kwa kupuliza." Ninachojua ni kwamba alikuja shule yetu, pale chini ya milima ya Iveti, kufundisha kilimo. Akaingia stoo kutafuta majembe, akakuta vyombo vya bendi vya watu wa zamani vimelala chini ya magunia. Akavitoa nje, akavianika juani kama mahindi. Jioni yake shule ilikuwa na bendi, ila tu hakukuwa na mtu wa kuipiga.

Kwa kuwa alikuwa mtu wa kilimo, vyombo kwake vilikuwa mifugo. Tuba ilikuwa ng'ombe, haiharakishwi. Tarumbeta zilikuwa mbuzi, ukizigeuzia mgongo ziko kwa shamba la mtu. Klarineti ilikuwa kuku, inalia hata kama hakuna kilichotokea. "Na tromboni, Mwalimu?" nikamuuliza siku moja, nikitegemea kitu cha heshima, farasi labda. "Tromboni ni punda," akasema. "Anafanya kazi nyingi na hakuna anayemshukuru." Nilikasirika wiki nzima. Siku hizi, nikiwa na watoto watatu na kazi ya ofisi, naona alikuwa amesema ukweli mapema tu.

Hakuna mtu aliyegusa chombo muhula wa kwanza. Ilikuwa sheria yake. Ulipewa kipande cha mpira wa kumwagilia maji, ukaambiwa upulize. Uliupuliza asubuhi kabla ya gwaride na jioni kabla ya chakula, mpaka mashavu yawe magumu na mpira ulie sauti moja isiyoyumba. Mama yangu alipokuja kunitembelea akaniuliza tunasoma nini huku nalipiwa karo. Nikampigia mpira. Mama akautazama ule mpira, akasema, "Na hisabati je?"

Ngoma kubwa yenyewe ilikuwa ya ngozi ya beberu wa shule, beberu mmoja mwenye tabia mbaya aliyekula shuka la Mwalimu Mkuu likiwa kwa kamba. Alipochinjwa siku ya kutoa zawadi, Mwalimu aliomba ngozi kabla nyama haijaiva. Sasa ile ngozi ilikuwa na shida moja. Unyevu ukiingia, inalegea, na ukiipiga inatoa sauti ya mtu kuanguka kwa tope. Kwa hivyo asubuhi za baridi ungemwona Mwalimu na gumbuti zake na koti lake jekundu la vifungo vya shaba, kabeba ngoma kifuani, anaelekea jikoni kuipasha moto. Mpishi alikuwa mzee mmoja wa kule chini mjini, Mwislamu mpole, na hicho ndicho kitu pekee kilichomtoa kwenye upole.

"Mwalimu, huyu mbuzi nilimpika mara moja! Unaniletea tena?"

"Mgeuze tu kidogo," Mwalimu alikuwa akisema. "Asiungue."

Mtu wa bendi, na hakupenda kelele hata kidogo. Ukipiga mluzi karibu naye unafukuzwa. Redio aliiita mlevi, kwa sababu inaongea hata hujaiuliza. Alidai tusimame mstari mmoja, soksi zimevutwa, huku yeye mwenyewe vifungo vya koti vimefungwa vibaya tangu juu. Na sifa zake! Tukipiga vizuri kabisa, watu wanapiga makofi, wazazi wanalia, tulikuwa tukimtazama kwa matumaini, naye anasema, "Leo sikuumwa kichwa." Tuliipokea kama medali. Tarumbeta ya Kwanza aliwahi kulia kwa furaha kwa ajili ya hilo neno.

Sasa nifike kwenye vidole, maana bila vidole hamtanielewa.

Bendi yetu ilikuwa na wimbo mmoja. Sawa, tulikuwa na wimbo wa taifa pia, lakini huo ni wa serikali. Wetu ulikuwa mmoja, wimbo wa kale wa kanisani ambao Mwalimu aliukwangua maneno yote akabakiza mifupa. Aliamini kwamba ni heri kujua wimbo mmoja mpaka ndani kuliko kujua kumi mlangoni tu. Na kwa kuwa tuliitwa kila mahali, harusi Konza, mazishi Tala, siku za wazazi shule za jirani, wimbo ule ule ulivaa nguo tatu. Mwalimu akiinua kidole kimoja, ni mazishi, polepole, mguu unaburutwa. Viwili ni shule, mwendo wa gwaride. Vitatu ni harusi, na hapo hata Tuba alitoka jasho. Watu hawakuwahi kugundua ni wimbo mmoja. Bibi harusi mmoja wa Konza alitushukuru sana, akasema wimbo wetu ni mtamu kuliko ule wa huzuni tuliompigia babu yake.

Na juu ya vidole kulikuwa na ngumi. Tukishaanza, hakuna anayesimama mpaka Mwalimu afunge ngumi. Chombo kikivunjika, endelea. Nyuki wakija, endelea. "Bendi haisimami," alikuwa akisema. "Ukisimama wewe, umewaambia watu wote kwamba kuna kitu kimeharibika. Ukiendelea, watadhani ndivyo wimbo ulivyoandikwa."

Kitu kilichokuwa kimeharibika, tulikigundua siku ya mvua.

Kwetu Ukambani mvua haiji kila siku, lakini ikija inakuja na hasira zake. Darasa letu lilikuwa la mabati. Mvua ikipiga pale, kila mwalimu huweka chaki chini na kukaa, kwa sababu hata ungeita mwizi hakuna angekusikia. Siku hiyo tulikuwa na somo la kilimo. Mvua ikaanguka yote mara moja. Mwalimu akaendelea. Midomo yake inakwenda, mkono unachora ubaoni jinsi maji yanavyobeba udongo kama huna matuta, na huko nje udongo wenyewe unabebwa. Akamaliza, akageuka, akauliza swali. Tuliona ni swali kwa sababu ya nyusi. Hakuna aliyejibu. Akakasirika, akauliza tena.

Ngoma Kubwa akasimama, akaonyesha dirisha. "Mwalimu! Mvua!"

Mwalimu akatazama dirisha kama mtu aliyeletewa habari kutoka mbali. "Oh," akasema. Nilimwona midomo. "Inanyesha."

Hapo darasa zima likajua. Ile kutushika mabega na kutugeuza tumtazame tunapoongea, ile kuweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma wakati wa mazoezi akifumba macho, ile kutuamuru tuimbe kila kitu kwa midomo wazi kabla ya kukipiga, tulidhani ni ufundi. Kumbe masikio yalikuwa yanavuja, na yeye anaziba kwa mikono na macho. Tulicheka siku hiyo, siwadanganyi. Tulikuwa watoto. Tarumbeta ya Pili alimwigiza vizuri sana bwenini.

Tuliacha kucheka siku ya wazazi. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, alikuja na sufuria ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, akatuita sisi wa bendi nyuma ya jikoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto, na sasa naelewa aliipatia wapi.

"Nyinyi watoto, najua mmejua," akasema, huku akitupakulia. "Sikio la kushoto limekufa. La kulia liko njiani. Ofisi ikipata habari, watamwambia aende nyumbani akapumzike. Sasa nyumbani ni wapi? Si ni kwangu? Mimi sitaki huyu mtu kwangu mchana kutwa, anapanga kuku wangu mistari."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alifuta mikono kwa leso, akaongeza polepole, "Na mimi namjua. Huyu akinyang'anywa hiyo bendi, atalala kitandani aseme hajisikii vizuri, na hataamka. Mnanielewa? Hataamka. Haya, kuleni."

Tangu siku hiyo kazi yetu haikuwa muziki peke yake. Hakuna aliyezungumza na Mwalimu akiwa amemgeuzia kisogo. Mwalimu Mkuu akija kutoka nyuma, Matoazi aliinua matoazi yake juu yang'ae juani, na Mwalimu akageuka bila haraka, akasema, "Karibu, mkubwa." Mwalimu wa zamu akimwita kutoka mbali, Klarineti alikimbia kwake akajifanya ana swali, kisha akaonyesha kwa macho. Tulikuwa hodari. Nafikiri tulikuwa hodari kwa hilo kuliko kwa ule wimbo.

Halafu yakaja mazishi ya kule Katelembo.

Marehemu alikuwa mzee mmoja maarufu, mwenye lori la kubeba mchanga, na watu walijaa mpaka juu ya uzio. Tulipiga kidole kimoja kutoka barabarani mpaka kaburini, tukapiga vizuri, hata mimi nilijionea huruma. Mwalimu akafunga ngumi. Mchungaji akaanza kusoma. Tukasimama kimya, vyombo vimeinuliwa tayari, kwa sababu baada ya udongo wa kwanza tulipaswa kuanza tena.

Sasa akaja mama mmoja wa jikoni, pembeni, akamuuliza Mwalimu watu wazima waliokuja na bendi ni wangapi, ili wapakuliwe chakula chao kando. Mwalimu alimsoma midomo vizuri. Walikuwa yeye, mwalimu wa zamu na dereva. Akainua vidole vitatu.

Mimi niliona. Matoazi aliona. Tulijua kabisa ni chakula. Lakini Ngoma Kubwa alikuwa haangalii mama wa jikoni, alikuwa anaangalia mkono, kama alivyofundishwa. Akapiga. Na ngoma ikishapiga, Tuba anaingia, na Tuba akiingia, utabaki nje wewe kama nani? Tukaingia wote. Mwendo wa harusi. Juu ya kaburi.

Aiya, mwaitu, mama yangu! Mchungaji alikuwa ameshika udongo mkononi, akabaki nao. Watu wakageuka. Na Mwalimu? Mwalimu alikuwa ametupa mgongo, anaeleza mama wa jikoni kwamba dereva hali maharagwe. Hasikii kitu. Hawezi kufunga ngumi kwa sababu hajui kuna kitu cha kufunga. Na sisi hatuwezi kusimama, kwa sababu bendi haisimami. Mchungaji akaita, "Mwalimu! Mwalimu!" Akaita tena kwa jina lake kamili. Machozi yananitoka, napuliza. Tarumbeta ya Pili anasali kwa macho, anapuliza.

Ndipo bega la mjane likatikisika. Nilidhani ni kilio. Kisha la pili likatikisika, na hayo mabega yalikuwa yanafuata ngoma. Dada zake marehemu wakamwona, wakapiga vigelegele kana kwamba vilikuwa vimewabana kooni tangu asubuhi. Uwanja mzima ukaanza kwenda.

Mwalimu aliona mama wa jikoni ameacha kumsikiliza, anacheza. Akageuka. Akatuona mashavu. Akaangalia mkono wake mwenyewe, ambao bado ulikuwa na vidole vitatu juu, akaelewa. Uso wake ukawa wa majivu. Tulimsubiri afunge ngumi. Akamtazama mjane, akatutazama sisi. Kisha akauinua ule mkono juu zaidi, vidole vitatu, akatupeleka mpaka mwisho.

"Baba yenu hakuwahi kuendesha polepole hata siku moja," mjane aliwaambia wanawe baadaye, akitupa soda. "Mlitaka azikwe polepole kwa nini?"

Kwenye basi la kurudi Mwalimu alifunga na kufungua vifungo vya koti mpaka tulipokaribia mjini. Kisha akasema, "Wali ulikuwa mzuri," na akatazama nje njia yote iliyobaki.

Mjane alifurahi, lakini mchungaji hakufurahi. Wiki iliyofuata alikuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu, na dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na Klarineti alikuwa anafagia pale chini kwa muda mrefu kuliko uchafu wenyewe. "Nilimwita mara ngapi?" mchungaji alisema. "Ama mwalimu wenu ana dharau, ama hasikii." Ikawa imetoka. Tukaambiwa mkaguzi anakuja kuiangalia bendi na mwalimu wake. Mazoezi ya wiki hiyo tulipiga kama watu waliofiwa, na Mwalimu, kiganja juu ya ngoma, alituuliza mara kwa mara kama tunaumwa.

Mkaguzi akaja. Na tulipomwona tu, tukajua tumekwisha. Alikuwa na masharubu. Si masharubu ya kawaida. Yalianzia puani yakaanguka kama pazia, mdomo wa juu hauonekani, wa chini unaonekana kwa kubahatisha. Mtu wa kusoma midomo atasoma nini hapo?

Akasimama mbele ya Mwalimu, akauliza kitu ndani ya zile nywele. Mwalimu akatabasamu. Nikajikuta nimesogea, tromboni mkononi, mpaka nyuma kabisa ya mkaguzi, nikamtazama Mwalimu, nikafungua mdomo wangu huu ambao mume wangu anausema, nikarudia swali bila sauti: Wa kidato cha kwanza mnawaanzisha vipi?

Mwalimu akaangalia juu ya bega la mkaguzi. "Tunawaanzisha na mpira wa maji," akasema.

Mkaguzi akauliza lingine, nikalirudia, Mwalimu akalijibu. Akauliza lingine. Nilikuwa nimeanza kujisifu moyoni, ndipo mkaguzi akajiuliza huyu mwalimu anatazama nini huko nyuma. Akageuka. Akanikuta nimeachama kama mbuzi kwa daktari wa meno.

"Na wewe unafanya nini?"

"Mazoezi ya midomo, bwana. Ya tromboni."

"Bila sauti?"

"Sauti inakuja muhula wa pili, bwana."

Akatazama bendi. Na nyuma yake, nawapenda mpaka leo, wale watu wote walikuwa wameachama, Tuba, Klarineti, tarumbeta zote mbili kwa umoja wa kwanza katika maisha yao. Hata Ngoma Kubwa, ambaye hapulizi chochote.

Mkaguzi akayapapasa masharubu yake. Kisha akaomba wimbo. Mwalimu akaweka kiganja cha kushoto juu ya ngoma, akainua vidole viwili vya kulia, tukapiga. Katikati akamnyooshea mkono Tarumbeta ya Pili, akasema kwa sauti kubwa, "Mashavu yako yamechelewa!" Na kweli yalikuwa yamechelewa. Mkaguzi akamsalimia Mwalimu kwa mikono miwili, akaenda na Mwalimu Mkuu kunywa chai, na hatukusikia neno lingine kuhusu mchungaji.

Muhula uliofuata mkaguzi alirudi. Hakuna aliyemtambua mara moja, kwa sababu alikuwa amenyoa. Mdomo wa juu ulikuwa mweupe kama yai la kuchemsha. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu, tukasema mke wake amemtisha. Alisimama karibu na Mwalimu, akimtazama usoni, akazungumza polepole sana. Sikufikiria zaidi. Nilikuwa na mitihani.

Nilikuja kufikiria miaka baadaye, siku Mwalimu alipostaafu kwa umri wake halali, akiwa na koti lake na bendi yake. Sisi wa zamani tulialikwa. Mwalimu Mkuu akasimama kutoa hotuba, na badala ya kutazama wageni, akatugeuzia kisogo sote, akasimama hatua moja mbele ya Mwalimu, akatoa hotuba nzima kwa uso wake, neno moja moja, mdomo umefunguka wazi. Wageni hawakusikia hata robo. Nikamtazama Matoazi, Matoazi akanitazama. Haki ya nani! Miaka yote ile tulidhani tunamficha Mwalimu asionwe na shule, na shule nzima ilikuwa inamficha asionwe na sisi.

Basi akaenda nyumbani, kule kuelekea Masii, na vyombo vyake vya zamani, kwa sababu shule ilikuwa imenunua vipya. Nilimtembelea mara mbili tatu. Alikuwa amepanga kuku mistari.

Kisha siku moja Mama akanipigia simu ya mkononi, akiongea kwa nguvu kana kwamba hakuna simu.

"Tromboni, njoo. Amelala."

"Amelala vipi, Mama?"

"Amelala. Hataki uji, hataki kuamka. Daktari pale Machakos amempima kila mahali, anasema hakuna ugonjwa. Sikuwaambia? Si niliwaambia wazi pale jikoni? Njoo."

Nikampigia Ngoma Kubwa, aliyekuwa na duka la vifaa vya ujenzi Tala. Akanichukua kwa pikapu yake. Nyuma ya pikapu kulikuwa na ile ngoma ya beberu, ambayo aliichukua shuleni ilipotupwa, na kwa miaka yote alikuwa ameiweka dukani akiuzia misumari juu yake. Njia nzima niliogopa. Nilimpenda yule mzee, nami sikuwa nimewahi kumwambia, na sasa hata ningesema asingesikia.

Mama alitupokea mlangoni, macho mekundu. "Tromboni yako iko pale kwa ukuta," akasema. "Tuba msiguse. Kuku anaatamia ndani."

Mwalimu alikuwa amelala chali, amekuwa mdogo, lile koti limening'inia msumarini juu yake. Akatuona.

"Wakya," akatusalimia.

"Aa, Mwalimu."

"Mmekuja kunizika."

Nikainama ili aone midomo yangu, nimwambie hapana, tumekuja kumsalimia tu. Akafumba macho. Na yule mtu akifumba macho, amekufungia mlango. Hakuna pa kubisha. Nikabaki nimeachama juu yake.

Ngoma Kubwa akaweka ngoma kando ya kitanda, akauchukua mkono wa Mwalimu, mkavu kama kuni, akaulaza juu ya ile ngozi. Kisha akaanza kupiga pembeni yake, polepole, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto. Nikachukua tromboni. Ilikuwa na vumbi na manyoya. Pumzi ya kwanza ilitoka kama ng'ombe anayezaa, na nikasikia kuku wakitawanyika nje. Nikajaribu tena, nikaupata ule wimbo wetu, mifupa yake. Midomo yangu ilikuwa imelegea, kwa hivyo niliuburuta, naye Ngoma Kubwa akaburuta pamoja nami. Mama alisimama mlangoni, ameshika mwiko, ameinamisha kichwa kama kanisani.

Tulifika nusu. Vidole vya Mwalimu vikasogea juu ya ngozi. Vikaacha kusogea, vikasikiliza, vikakunjamana kwa hasira. Jicho moja likafunguka. Lilimtazama Ngoma Kubwa, likanitazama mimi, likatazama mashavu yangu. Kisha la pili.

"Kwani," akasema, "ni nani amekufa hapa?"

Akajisukuma kwa kiwiko, akakaa, nywele zimesimama upande mmoja, akainua mkono wa kulia. Vidole vitatu. Ngoma Kubwa hakuuliza kama ni chakula. Akapiga. Mimi nikaingia nyuma yake kwa pumzi ambayo sikujua niko nayo, na mlangoni bega moja la Mama likatikisika, kisha la pili, mwiko ungali mkononi.

Midomo ilianza kuniuma, kisha ikafa ganzi. Niliutazama ule mkono, nikingoja ngumi. Hakuifunga.